Je, MAGL ndiyo inayozifanya seli ziote uvimbe?

Swali la msomaji: "Nina laini mbili za seli za saratani ya ovari. Moja huota uvimbe ikidungwa kwa panya wasio na kinga kamili, nyingine haioti. Westani bloti, kipimo cha wingi wa protini, inaonyesha kimeng'enya cha MAGL kiko kwa wingi zaidi katika ile inayoota. Nikaziwekea zote JZL184, dawa ya kuizuia MAGL, mikromola 10 kwa saa 48, katika chakula cha seli chenye seramu asilimia 10. Seli za pande zote mbili zikafa, na nilipopima 2-AG, lipidi inayokatwa na MAGL, ndani ya chakula hicho haikuwa imepanda hata kidogo. Kimeng'enya mwenzake, FAAH, sijakigusa. Naweza kuandika kwamba MAGL ndiyo inayosababisha uvimbe? Na bangi inaingiaje hapa? Kila ninayemweleza kazi yangu huniuliza hilo."

Jibu:

Hapana, bado. Ulichonacho mkononi ni tofauti ya wingi wa protini kati ya laini mbili, pamoja na sumu ya dawa iliyotiwa kupita kiasi. Sentensi unayoweza kuiandika leo bila kumwogopa mhakiki ni hii: "Protini ya MAGL iko kwa wingi zaidi katika laini inayoota uvimbe." Basi. Ili ufike kwenye neno "inasababisha" unahitaji kuonyesha kwamba kimeng'enya kinafanya kazi, kwamba dawa yako inakizuia hicho na si vingine, kwamba ukikiondoa kwa njia ya jeni tabia ya seli inabadilika, na kwamba ukikirudisha tabia hiyo inarudi.

Tuanze na kazi yenyewe ya MAGL, maana hapo ndipo wengi hupotelea. 2-AG ni lipidi ndogo ambayo mwili hujitengenezea. Ilitambuliwa kuwa kanabinoidi ya mwili (lipidi inayogusa vipokezi vilevile vinavyoguswa na bangi) mwaka 1995, miaka mitatu baada ya mwenzake anandamaidi. MAGL huikata 2-AG ikatoa gliseroli na asidi ya arakidoniki. FAAH nayo huikata anandamaidi, ikatoa ethanolamini na asidi hiyohiyo ya arakidoniki. Ukisoma haraka utadhani vimeng'enya hivi vipo kwa ajili ya kuzima ishara za kanabinoidi tu. Lakini ndani ya seli ya saratani, kinachotoka baada ya kukata kinaweza kuwa na uzito kuliko kile kilichokatwa. MAGL hukata pia monogliseridi nyingine, ikaachia asidi za mafuta kama palmitiki, oleiki na steariki, na seli huzitumia kutengeneza lipidi nyingine zinazochochea kuhama na kukua, ikiwemo asidi ya lisofosfatidiki na prostaglandini E2.

Hilo lilionyeshwa mwaka 2010 na kundi la Benjamin Cravatt la taasisi ya Scripps, La Jolla, Marekani. Miongoni mwa laini walizotumia zilikuwa SKOV3 na OVCAR3, zote za ovari. Ya kwanza ni kali na ina MAGL nyingi, ya pili si kali hivyo na ina MAGL kidogo. Walipoizuia MAGL kwa JZL184, au kupunguza usomaji wa jeni yake kwa shRNA (RNA fupi inayonyamazisha jeni), asidi huru za mafuta zilishuka, seli zikapunguza kuhama, na uvimbe ukakua polepole ndani ya panya. Panya walipolishwa chakula chenye mafuta mengi, uvimbe ulirudia kasi yake. Kuziba CB1 na CB2, vipokezi vinavyoguswa na kanabinoidi, hakukuondoa athari ya dawa katika laini hizo. Mwaka 2011 kundi hilohilo lilipogeukia saratani ya tezi dume likakuta njia zote mbili zinahusika, ya asidi za mafuta na ya vipokezi. Na kwenye saratani ya utumbo mpana kuna tafiti zilizoona kinyume kabisa: MAGL ikiwa chache katika uvimbe kuliko katika tishu isiyo na ugonjwa iliyo jirani. Kwa hiyo usibebe hitimisho la ovari ukalipachika kwenye kiungo kingine.

Sasa jaribio lako. Lina makosa matatu, na yote yanarekebishika.

La kwanza ni ukolezi. JZL184 huzuia MAGL ya ubongo wa panya wadogo kwa nusu katika takriban nanomola 8. Mikromola 10 ni zaidi ya mara elfu moja ya hapo. Kwa ukolezi huo inaanza kuigusa FAAH na vimeng'enya vingine vya jamii moja, yaani haidrolasi za serini, hasa karboksilesterasi. Isitoshe, haipendi maji; kwa mikromola 10 huweza kuganda ndani ya chakula cha seli, ukaona vijichembe kama vumbi chini ya darubini ukavidhania ni uchafu. Seli kufa pande zote mbili, hata upande ambao MAGL ni chache, ni ishara kwamba kilichoziua hakikuwa kukosa MAGL.

La pili ni seramu. Seramu ya ndama imejaa albumini iliyobeba asidi za mafuta. Ukiifunga MAGL, seli inachukua kutoka nje kile ilichonyimwa ndani, na athari unayoitafuta inafichika. Juu ya hayo, seramu ina esterasi zake zinazoikata 2-AG bila kuomba ruhusa ya kizuizi chako.

La tatu ni mahali na muda ulipopima. 2-AG si kitu cha kukaa saa 48 ndani ya chakula chenye seramu kwa nyuzi 37. Kundi la arakidonili lililo katikati ya gliseroli huhamia pembeni, 2-AG ikawa 1-AG, na jambo hilo huchukua dakika, si siku. Ulipofika na bomba lako la kupimia, cha kupima hakikuwepo.

Hatua ya kwanza ya kweli ni kupima utendaji badala ya wingi. Westani bloti hukuonyesha protini hata kama imelala au imezibwa. Vuna seli kutoka sahani mbili za sentimita 15 kwa kila laini, zikiwa zimejaa kama asilimia 80. Zioshe mara mbili kwa PBS baridi, zikwangue, zikusanye, kisha zivunje kwa mawimbi ya sauti juu ya barafu, mapigo mafupi ya sekunde tano na mapumziko kati yake ili zisipate joto. Zungusha taratibu, mara 1,000 ya mvutano kwa dakika 5, kuondoa seli zisizovunjika. Kisha zungusha kwa mara 100,000 ya mvutano kwa dakika 45, nyuzi 4, upate utando chini na majimaji juu. FAAH imejichimbia kwenye utando, hivyo utaikuta chini. MAGL hupatikana pande zote mbili, usitupe majimaji.

Hapa kuna mtego unaoharibu kazi nyingi kimyakimya. Bafa nyingi za kuvunjia seli hutiwa PMSF, au mchanganyiko wa vizuizi vya protiasi wenye AEBSF, kama mazoea. Vyote viwili hujifunga kwenye serini iliyo ndani ya kitovu cha kimeng'enya, na FAAH na MAGL hufanya kazi kwa serini hiyohiyo: namba 241 kwa FAAH, 122 kwa MAGL. Ukitia PMSF umeshakizuia ulichokuja kukipima. Tumia PBS tupu au Tris tupu, fanya kazi kwenye barafu, na uharakishe. Soma pia karatasi ya vidonge vya vizuizi vilivyotayarishwa kiwandani. Mara nyingi jina la AEBSF limefichwa kwenye herufi ndogo.

Kwa kuangalia utendaji wa vimeng'enya vingi kwa mara moja, hakuna kipimo rahisi kama jeli ya florofosfoneti yenye rodamini. Kemikali hii hujifunga kwenye serini iliyo hai tu. Sawazisha protini iwe miligramu 1 kwa mililita, chukua mikrolita 50, tia kizuizi au DMSO (kiyeyushi chake tupu) kwa dakika 30 kwa nyuzi 37, kisha tia florofosfoneti ya rodamini hadi mikromola 1, uache dakika 30 kwa joto la chumba, mbali na mwanga. Simamisha kwa bafa ya SDS, pitisha kwenye jeli ya asilimia 10, na usome mng'ao kabla ya kuipaka rangi ya Coomassie. FAAH hukaa karibu na kilodaltoni 63. MAGL hukaa kati ya 33 na 35, mara nyingi kama mistari miwili iliyobanana. Karibu nayo sana hukaa ABHD6, kimeng'enya kingine kinachokata 2-AG, na watu wengi wameisoma ABHD6 wakidhani ni MAGL. Njia ya kuzitofautisha ni kupitisha sampuli tatu bega kwa bega: DMSO, JZL184 mikromola 1, na WWL70 (kizuizi cha ABHD6) mikromola 10. Mstari unaopotea kwa JZL184 ndio MAGL. Unaopotea kwa WWL70 ni ABHD6. Ukisahau sampuli iliyochemshwa kabla ya kutiwa rodamini, utashindwa kujua mng'ao upi ni wa kweli na upi umeng'ang'ania tu.

Jeli ikikupa picha, tafuta namba kwa kutumia 2-AG yenyewe. Weka mikrogramu 20 za protini ya utando katika mikrolita 200 za Tris milimola 50, pH 7.4. Tia 2-AG hadi mikromola 100, acha dakika 10 kwa joto la chumba, simamisha kwa mikrolita 600 za klorofomu na methanoli, mbili kwa moja, zenye kiwango ulichokipima cha asidi ya pentadekanoiki kama rejea, kisha pima asidi ya arakidoniki kwa spektrometa ya masi. Hesabu yake ni hii: mikromola 100 ndani ya mikrolita 200 ni nanomoli 20 za 2-AG. Ukikuta nanomoli 1 ya arakidoniki baada ya dakika 10 kutoka kwenye miligramu 0.02 za protini, kasi ni nanomoli 5 kwa dakika kwa miligramu. Umekata asilimia 5 tu ya kilichokuwepo, hivyo namba hiyo inaaminika. Ukikuta nanomoli 8, kimeng'enya kimeshaanza kukosa kazi na namba yako inaonyesha kasi ndogo kuliko ilivyo; punguza protini au fupisha muda. Pima dakika 2, 5, 10 na 20 angalau mara moja kwa kila laini uone kama mstari umenyooka. Bila hivyo, laini yenye MAGL nyingi itaonekana imezidi kidogo tu, kumbe imemaliza 2-AG mapema.

Usisahau bomba lisilo na protini. 2-AG ya kununua mara nyingi huja na arakidoniki kidogo ndani yake tangu mwanzo, na chupa ikifunguliwa mara kwa mara inaongezeka. Igawe kwenye vichupa vidogo vya kioo siku ya kwanza, ndani ya asetonitraili, kwa nyuzi 80 chini ya sifuri. Epuka plastiki popote unapoweza: anandamaidi na 2-AG hung'ang'ania ukuta wa bomba la plastiki, na unaweza kupoteza sehemu kubwa kabla kimeng'enya hakijaonja.

Kisha tenga mchango wa MAGL na wa wengine. Pima kasi ukiwa na JZL184 mikromola 1 na bila hiyo, utoe. Kwenye ubongo wa panya wadogo, MAGL hubeba kama asilimia 85 ya kazi ya kukata 2-AG, ABHD12 na ABHD6 zikigawana sehemu kubwa ya kilichobaki. Usichukulie mgawanyo huo kuwa ndio wa seli zako za ovari. Kuna laini za saratani ambazo MAGL yake ni chache na ABHD6 ndiyo inayofanya kazi. Huko JZL184 haitabadilisha kitu, na mtafiti asiyejua huanza kuilaumu dawa.

Kupima 2-AG ndani ya seli hai kunahitaji mkono mwepesi. Badilisha chakula kiwe kisicho na seramu, tia JZL184 mikromola 1 kwa saa 4, mwaga chakula, osha kwa PBS baridi, kisha mwagia klorofomu na methanoli moja kwa moja. Rejea yako iwe 2-AG yenye deuteriamu, iingie kabla ya kuchuja ili ipotee pamoja na kile unachokipima. Kwenye spektrometa ya masi, 2-AG husomwa kwa badiliko la uzito la 379 kwenda 287, anandamaidi kwa 348 kwenda 62. Ripoti jumla ya 1-AG na 2-AG, maana sehemu ya mgeuko hutokea mikononi mwako hata ukiharakisha. Pamoja nayo pima asidi huru za mafuta. Kama 2-AG imepanda lakini asidi za mafuta hazijashuka, hadithi ya mafuta haiko kwenye seli zako, na ni bora ujue hilo mapema kuliko kulijua ukiwa umeshanunua panya.

Kuhusu dawa yenyewe: uzito wa molekuli ya JZL184 ni takriban 520.5, hivyo miligramu 5.2 ndani ya mililita 1 ya DMSO hukupa milimola 10. Punguza kwanza ndani ya DMSO, si ndani ya chakula cha seli, ukipata mfululizo wa mikromola 10, 30, 100, 300 na 1,000, kisha kila kimoja ukizimue mara 1,000. Utapata nanomola 10 hadi mikromola 1 na DMSO ileile ya asilimia 0.1 kila mahali, hata kwenye kisima cha kulinganishia. Chora mistari miwili kwenye karatasi moja: utendaji wa MAGL ukishuka, na tabia ya seli ikibadilika. Mistari hiyo ikishuka pamoja, una jambo. Kama MAGL imeshafungwa yote kwa nanomola 300 lakini seli zinaanza kuumia kwa mikromola 5, kinachoziumiza ni kingine. Rudia kwa kizuizi cha pili, mfano KML29, ambacho kwa kawaida huiacha FAAH salama kuliko JZL184 inavyoiacha.

Si woga wa kupitiliza huu. Januari 2016 huko Rennes, Ufaransa, jaribio la kwanza kwa binadamu la kizuizi cha FAAH kiitwacho BIA 10-2474 liliisha kwa mtu mmoja kufariki na wengine kulazwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka uliofuata, uliotumia florofosfoneti za aina ileile niliyoeleza hapo juu, uliikuta dawa hiyo ikijifunga kwenye haidrolasi nyingine kadhaa zinazoshughulikia lipidi, wakati kizuizi kingine cha FAAH kilichokwishapita kwa watu salama hakikufanya hivyo. Jeli moja ya siku moja ingekuonyesha tofauti hiyo.

Dawa pekee haitoshi kumridhisha mhakiki, kwa hiyo ingia kwenye jeni. Jeni ya MAGL inaitwa MGLL. Tumia shRNA mbili zinazolenga sehemu tofauti, si moja, na ya tatu isiyolenga chochote. Ukitumia CRISPR, yaani kukata jeni yenyewe, chukua angalau koloni tatu zilizopoteza jeni na koloni tatu za kulinganishia zilizopita njia hiyohiyo, kwa sababu koloni moja ya seli za saratani inaweza kuwa na tabia yake hata usipoigusa. Hakikisha upungufu kwa jeli ya rodamini, si kwa bloti peke yake.

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote ni kurudisha. Rudisha MGLL iliyobadilishwa herufi chache zisizogeuza protini ili shRNA isiitambue, na sambamba rudisha ileile yenye serini 122 iliyogeuzwa kuwa alanini, ambayo ni protini nzima isiyoweza kukata. Seli zikirudia kuhama na kuota kwa ya kwanza na zisirudie kwa ya pili, umeonyesha kwamba ukataji ndio unaofanya kazi na si mwili wa protini kushikana na kitu kingine. Fanya pia upande wa pili: itie MGLL kwenye laini yako isiyoota. Baada ya hapo uliza ni bidhaa gani inayohusika: ongeza asidi ya palmitiki iliyofungwa kwenye albumini iliyosafishwa mafuta, au asidi ya lisofosfatidiki, au prostaglandini E2, uone ipi inarudisha tabia iliyopotea. Kwa vipokezi, tumia rimonabanti kwa CB1 na SR144528 kwa CB2, kila moja mikromola 1 na chini yake. Ikiwa kuziba CB1 kunaondoa athari ya JZL184, basi 2-AG iliyorundikana ndiyo iliyofanya kazi. Kama hakuondoi, tazama upande wa mafuta.

Kuhama kwa seli kupime kwenye vikombe vyenye utando wa matundu ya mikromita 8, bila seramu juu wala chini, chini yake pakwe kolajeni. Hapa seramu ya kuvutia seli, ambayo wengi huitia chini kwa mazoea, ndiyo itakayokuletea yale mafuta uliyoyakimbia.

Sasa neno "kuota uvimbe". Kabla ya panya kuna agari laini: tabaka la chini asilimia 0.6, la juu asilimia 0.3 lenye seli 5,000 kwa kisima cha sahani ya visima sita, wiki mbili hadi nne, ukidondoshea chakula juu mara mbili kwa wiki. Agari ya juu ichanganywe na seli ikiwa karibu nyuzi 40. Ikiwa na joto zaidi unazipika. Ikipoa mno inaganda kwa mabonge, na mabonge ya seli zilizoshikana tangu mwanzo yataonekana kama makoloni. Piga picha siku ya kwanza ili ujue mabonge mangapi ya kuondoa kwenye hesabu ya mwisho.

Na kabla ya agari, hakikisha laini zako ni kweli zile unazodhani. Fanya kipimo cha STR (alama za DNA za kutambulisha laini) na cha maikoplazma (bakteria wanaochafua seli). MDA-MB-435 ilitumika kwa miaka mingi kama saratani ya matiti, na ilipochunguzwa vizuri ikakutwa ni M14, laini ya melanoma. Ukilinganisha laini mbili ambazo hata hazitoki tishu moja, MAGL itakuwa tofauti moja kati ya maelfu. Kwa kweli hata zikitoka tishu moja lakini kwa wagonjwa wawili, ulinganisho wenye nguvu ni laini ileile ikiwa na MAGL na ikiwa haina.

Kwa panya, baada ya kibali cha maadili, seli milioni 1 hadi 5 ndani ya mikrolita 100, nusu ikiwa Matrigel (jeli ya protini), chini ya ngozi ya ubavu. Matrigel ikae kwenye barafu pamoja na bomba na sindano. Ikipata joto inaganda ndani ya sindano na panya wa mwisho anapata seli chache kuliko wa kwanza. Pima kwa kalipa mara mbili kwa wiki, mtu asiyejua nani yumo kundi gani, na ukokotoe urefu mara upana mara upana, ugawe kwa mbili: milimita 10 kwa 8 ni milimita za ujazo 320. Amua mapema unauliza nini. Dawa iliyoanza siku ya kudunga seli inajibu kama uvimbe unaweza kuanza. Iliyoanza uvimbe ukiwa milimita za ujazo 100 inajibu kama uvimbe uliopo unaweza kuzuiwa. Watu huchanganya haya mawili hadi kwenye kichwa cha makala.

Kumbuka pia kwamba dawa mwilini haijui uvimbe peke yake. Inafunga MAGL ya mafuta ya panya, ya kinga yake na ya ubongo wake, na ikitolewa kila siku kwa dozi kubwa vipokezi vya CB1 vya ubongo huzoea na kudhoofika. Panya akipunguza kula, uvimbe nao utadhoofika bila MAGL ya seli zako kuhusika. Pima uzito wa panya na chakula anachokula. Ndiyo maana seli zilizoondolewa MGLL zikidungwa kwa panya asiyepewa dawa zinakupa jibu safi zaidi kuliko JZL184.

FAAH usiiache, lakini haihitaji mradi wa pili. Pima utendaji wake kwenye jeli ileile, uone kama nayo inatofautiana kati ya laini zako. Ukitaka kasi, pH 9 huipa nguvu zaidi, na URB597 au PF-3845 ndizo za kuifunga. Ukumbuke hukata pia palmitoiletanolamidi na oleoiletanolamidi, ambazo hazikamati CB1; ukiona athari usiipe anandamaidi sifa yote. Binadamu ana FAAH-2 pia, ambayo panya wadogo hawana.

Ama bangi: wanaokuuliza wajibu kwamba vimeng'enya hivi vimepata jina kwa kuwa lipidi zinazokatwa navyo hugusa vipokezi vilevile vinavyoguswa na THC, kemikali ya bangi inayolevya. MAGL na FAAH hazikati THC. Hiyo hushughulikiwa zaidi na ini, kwa vimeng'enya vyake CYP2C9 na CYP3A4. Kwa hiyo matokeo yako, yakiwa mazuri kiasi gani, hayasemi lolote kuhusu kuvuta au kunywa bangi kutibu saratani. CBD, kemikali nyingine ya bangi, nayo huipunguza FAAH ya panya wakubwa kwenye bomba, lakini ya binadamu haiipunguzi. Ukiona kwenye stoo ya maabara kuna utando wa ubongo wa panya wakubwa na mtu akakushauri uutumie kujaribia CBD, majibu yake usiyahamishie kwenye seli zako, ambazo ni za binadamu.